Barua ya dola 13,000: kisa cha panavision.com

Desemba 1995 kampuni ya Panavision ilitaka kufungua tovuti yake. Ni kampuni ya California, maarufu kwa kamera na lenzi za kupigia sinema. Anayebaki kitini mpaka orodha ya waliotengeneza filamu imalize kupita amekwisha kuliona jina hilo mara nyingi. Ilipokwenda kusajili panavision.com ikakuta jina limeshachukuliwa. Aliyelichukua ni Dennis Toeppen, mkazi wa Illinois, mtu asiyehusika kwa lolote na kamera. Ukifungua ukurasa wake ulikuta picha za Pana, mji mdogo wa jimboni kwake. Yaani Pana vision, mwonekano wa Pana. Ukitaka kucheka, cheka.

Tarehe 20 Desemba wakili wa Panavision akamwandikia Toeppen aache kulitumia jina. Jibu la Toeppen ndilo lililokifanya kisa hiki kisomwe mpaka leo katika vyuo vya sheria. Alisema jina ni lake kihalali, na kama wakili wao amewaambia vingine basi wakili huyo anawatapeli: anataka kujifungulia njia mpya za sheria kwa fedha yao. Ya nini, akauliza, kumchangia wakili boti mpya, wakati jina mnaweza kulipata kwa bei rahisi na bila usumbufu? Bei yenyewe aliitaja: dola 13,000. Akaongeza kwamba wakikubali, hatachukua tena anwani nyingine yoyote ambayo Panavision inadai ni mali yake.

Panavision ikakataa. Toeppen akaenda kusajili panaflex.com, jina la chapa yao nyingine. Safari hii hata picha hakuweka. Ukurasa ulikuwa na neno moja: Hello.

Swali ambalo watu huuliza juu ya biashara hii ya kusajili na kuuza majina ya tovuti, yaani vikoa, kama ni halali na kama ni ya haki, limo lote ndani ya barua ile. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu Toeppen hakuwa mhalifu wa kawaida. Hakuvunja nywila ya mtu wala kughushi saini. Usajili wa .com wakati ule ulikuwa mikononi mwa kampuni moja, Network Solutions, kwa mkataba wa serikali ya Marekani. Hadi Septemba 1995 kusajili kulikuwa bure. Baada ya hapo ikawa dola 100 kwa miaka miwili. Hakuna aliyehakiki mwombaji ana haki gani na jina analoliomba. Aliyewahi ndiye aliyepata. Toeppen alifuata utaratibu uliokuwepo, akalipa kilichotakiwa kulipwa, akapewa. Kwa mantiki ya mfumo wenyewe, hakukosea popote.

Ila hakuishia hapo. Alikuwa na majina mengine zaidi ya 100, na ukiyasoma huoni hata moja alilolibuni yeye: Delta Airlines, Neiman Marcus, Eddie Bauer, Lufthansa. Kampuni ya Intermatic alikuwa amejaribu kuiuzia intermatic.com kwa dola 10,000, na American Standard akaitaka dola 15,000 kwa jina lake. Orodha ya namna hii ni vigumu kuitetea mbele ya hakimu. Mtu mwenye panavision.com peke yake na picha za Pana anaweza kusema anaupenda mji ule. Mwenye Lufthansa, Delta na Panavision kwa pamoja anapenda nini?

Tarehe 7 Mei 1996 Panavision ikafungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya California ya Kati. Toeppen alikuwa na hoja mbili, na zote mbili zilikuwa na uzito kuliko wasimulizi wengi wanavyokiri.

Ya kwanza ilikuwa kwamba California hainihusu. Mimi nakaa Illinois, ukurasa wangu nimeuweka Illinois, mnaniburutaje kwenu? Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilikubali nusu ya hoja hiyo: kusajili jina la kampuni ya California na kuweka tovuti, peke yake, hakutoshi kumpeleka mtu California. Lakini ikasema hapa palikuwa na zaidi ya hapo. Alibuni mpango wa kujipatia fedha kutoka kwa Panavision, akijua kwamba maumivu yatasikika California, kwenye makao ya kampuni na kitovu cha biashara ya sinema. Barua yake iliyovuka majimbo ikawa kamba aliyojifungia mwenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Sheria iliyokuwepo, ile ya kulinda alama maarufu za biashara zisififishwe, iliyoanza kutumika Januari 1996, ilihitaji mshitakiwa awe ameitumia alama kibiashara. Toeppen akauliza: mimi nimeuza nini? Sijauza kamera. Sijauza lenzi. Nina picha za mji na neno Hello. Anwani ya intaneti ni anwani tu, kama namba ya nyumba; haisemi chochote juu ya bidhaa.

Hukumu ya rufaa ilitoka tarehe 17 Aprili 1998. Juu ya anwani, majaji walimkatalia waziwazi: jina la kikoa kazi yake kubwa ni kumwambia mtu ni nani mwenye tovuti. Mteja akitafuta kampuni huanza kwa kuandika jina lake na kuongeza .com, na akikuta picha za mji wa Pana anaweza kukata tamaa au kudhani kampuni haina tovuti. Kwa miaka ile ya kabla ya mitambo mizuri ya utafutaji, maelezo hayo yalikuwa ya kweli kabisa.

Juu ya matumizi ya kibiashara jibu lao lilikuwa la ujanja. Walisema biashara ya Toeppen ilikuwa kusajili alama za watu na kuwauzia wenyewe, basi kujaribu kuuza ndiyo matumizi ya kibiashara. Akashindwa, na majina yakaenda kwa Panavision.

Matokeo nayakubali. Njia waliyopita inanipa shida. Ukilichukua jibu hilo neno kwa neno, mtu yeyote anayesajili jina kwa nia ya kuliuza amekwisha kulitumia kibiashara, hata kama hajaweka chochote pale. Majaji walikuwa na mtu ambaye kila mmoja aliona anafanya vibaya, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya tatizo jingine, wakaivuta mpaka ikamfikia. Kwa kisa kimoja haidhuru. Kwa biashara nzima ya vikoa ni hatari, kwa sababu wapo wauzaji ambao hawajamdhuru mtu.

Mwaka uliofuata mahakama ileile ikalazimika kupunguza mvuto huo. Kampuni ya Avery Dennison, inayojulikana kwa vifaa vya ofisi, ilimshitaki mfanyabiashara wa Canada aitwaye Sumpton kwa sababu ya avery.net na dennison.net. Sumpton alikuwa na vikoa karibu 12,000. Ukihesabu idadi tu, huyu ni Toeppen mara mia. Lakini orodha yake ilisomeka tofauti: ilikuwa majina ya koo. Alikuwa akiwakodishia watu anwani za baruapepe zenye jina la ukoo wao. Avery ni ukoo, na Dennison ni ukoo. Agosti 1999 mahakama ikasema alichokitumia si thamani ya alama ya kampuni, akashinda rufaa. Hukumu hizi mbili ukizisoma kwa pamoja zinakupa kipimo bora kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kinachotazamwa ni thamani ya jina imetoka wapi, na wala si idadi ya majina uliyonayo au kwamba unayauza.

Ndiyo maana sina ugomvi na mtu aliyesajili neno la kawaida mapema. Business.com iliuzwa dola 150,000 mwaka 1997, kisha dola milioni 7.5 mwaka 1999. Mwaka 2019 voice.com ilinunuliwa kwa dola milioni 30 taslimu. Unaweza kuona bei hizo ni wazimu, lakini hakuna aliyetekwa. Muuzaji ni sawa na aliyenunua kiwanja porini akibahatisha kwamba barabara itapita; mnunuzi akiona ghali, maneno yamejaa kwenye kamusi, achague jingine. Panavision haikuwa na jingine la kuchagua. Jina lile liliwekewa thamani na kazi yake yenyewe ya miaka mingi, na kwa mtu mwingine yeyote duniani lilikuwa na faida ndogo sana, tukimwondoa mpenzi wa dhati wa mji wa Pana.

Sasa turudi kwenye dola 13,000, maana nadhani wachambuzi wengi huipita haraka. Bei hiyo imetoka wapi? Kusajili kuligharimu dola 100 kwa zaidi. Hakutengeneza tovuti ya maana. Jibu liko kwenye sentensi yake ya boti. Alikuwa anawaambia Panavision hivi: kunishitaki kutawagharimu zaidi ya ninachowadai, kwa hiyo nilipeni. Bei haikupimwa kwa faida ambayo jina lingemletea mnunuzi. Ilipimwa kwa gharama ya kudai haki mahakamani, ikashushwa kidogo ili kulipa kuonekane ndiyo busara. Na ile ahadi ya kutosajili majina mengine wakilipa, ukiigeuza, ni tishio la kusajili wakikataa, kwa panaflex.com alilitimiza.

Hapo ndipo naona ubaya wake ulipo. Anayeuza kitu anampa mnunuzi sababu ya kukitaka. Toeppen hakutoa sababu hiyo, aliuza nafuu ya kuondokana na Toeppen. Kiswahili cha mitaani kina neno zuri kwa mtu anayenunua tiketi zote za mechi ili aziuze getini kwa bei ya kukata roho: mlanguzi. Na hata huyo wa tiketi ana afueni, kwa kuwa wateja wake ni wengi na anaweza kukosa. Toeppen alikuwa na mteja mmoja kwa kila jina, na mteja huyo hakuwa na mlango wa kutokea.

Wapo watakaosema kampuni kubwa kama hizi zilizembea. Intaneti ilikuwepo, zingesajili mapema. Kweli zilizembea. Uzembe wa mtu haumpi mwingine haki ya kumtoza kwa jina lake.

Ikiwa tatizo lilikuwa hesabu hiyo ya gharama za kesi, dawa nayo ilibidi iwe ya hesabu, na ndivyo ilivyokuwa. Novemba 1999 Marekani ilipitisha sheria mahususi dhidi ya wavamizi wa vikoa. Haikuhitaji tena kuuvuta ule msamiati wa matumizi ya kibiashara: inatazama nia mbaya ya kujinufaisha na alama ya mwingine, na inamruhusu mlalamikaji kudai fidia ya kati ya dola 1,000 na dola 100,000 kwa kila jina bila kuthibitisha hasara halisi. Mtu mwenye majina 100 ya aina ya Toeppen akiipigia hesabu sheria hiyo hatalala.

Mwaka huohuo ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina, lilianzisha utaratibu wa usuluhishi unaojulikana kama UDRP. Kisa chake cha kwanza kilifunguliwa Desemba 1999 katika Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, la Geneva. Mmarekani mmoja alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akaiandikia kampuni ya mieleka akitaka kuiuzia kwa dola 1,000. Kufikia katikati ya Januari 2000 jina lilikuwa limeamriwa lirudi kwa kampuni. Panavision ilisubiri karibu miaka miwili kutoka kufungua kesi hadi hukumu ya rufaa. Hawa walimaliza ndani ya wiki chache. Leo ada ya WIPO kwa msuluhishi mmoja, kwa kikoa kimoja hadi vitano, ni dola 1,500. Ongeza malipo ya wakili. Bado ni mbali sana na gharama ya kesi ya mahakama ya shirikisho, kwa hiyo nafasi ya mlanguzi kupanga bei imebanwa. Lakini haijafungwa. Anayedai dola mia nne au tano bado yuko chini ya ada, na ninaposikia mtu ametajiwa bei ya namna hiyo kwa jina la duka lake mwenyewe, siamini kwamba imetokea kwa bahati.

Ila hesabu hii haina upande. Mwenye nguvu naye anaweza kuitumia, na kisa cha Toeppen kisikufanye uamini kwamba kila kampuni inayolalamika imeonewa. Uzi Nissan wa Raleigh, North Carolina, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya biashara yake ya kompyuta. Nissan ni jina la ukoo wake. Desemba 1999 kampuni ya magari ilimshitaki ikidai dola milioni 10. Kesi ilipanda na kushuka kwa takriban miaka minane. Yapo aliyopoteza njiani: mahakama ilimkataza kuweka matangazo ya mambo ya magari, na nadhani ilifanya sawa, kwa sababu hapo alikuwa akivuna wageni waliokuja kutafuta gari. Lakini jina lilibaki lake, na alikuwa nalo hadi alipofariki mwaka 2020. Alishinda, ukitaka kuita hivyo. Mtu wa kawaida angekuwa amesalimu amri mwaka wa kwanza. Kudai dola milioni 10 kutoka kwa fundi kompyuta ni barua ya Toeppen iliyogeuzwa: lipa kwa kuliachia jina, au ulipe zaidi kwa kulitetea.

UDRP yenyewe inalitambua jambo hili, walau kwenye karatasi. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Kampuni inayofungua shauri ili kumpora mtu kikoa chake halali inaweza kutajwa hivyo ndani ya uamuzi. Adhabu ya fedha haipo. Inaondoka na aibu yake, basi, na kwangu hilo ni pungufu: aliyeburuzwa bure halipwi hata ada ya wakili wake.

Haya yanamgusa vipi kijana wa Mwanza au Nakuru anayenunua na kuuza majina kwenye simu yake? Moja kwa moja. Anaposajili .com, awe amepitia kampuni ya hapa au ya nje, mkataba anaoukubali kwa kubofya una UDRP ndani yake. Akivamia jina la kampuni ya Ujerumani, hawatakuja kumtafuta mahakama ya wilaya. Shauri litafunguliwa Geneva au kwenye kituo kingine kilichoidhinishwa, taarifa itamfikia kwa baruapepe, na kampuni aliyosajilia ikipata uamuzi italihamisha jina. Vikoa vya nchi, .tz na .ke, vina kanuni zake na inafaa kuzisoma kivyake kabla ya kununua.

Kununua kwa nia ya kuuza si kosa, na bei kubwa peke yake si ushahidi wa nia mbaya. Kanuni inachokitaja ni kusajili kwa lengo kuu la kumuuzia mwenye alama au mshindani wake kwa zaidi ya gharama ulizoweza kuzithibitisha. Kwa hiyo tofauti kati ya aliyefuatwa na mnunuzi na aliyemfuata mwenye alama ni kubwa sana, na inaonekana kwenye baruapepe za kwanza kabisa. Kubwa pia ni tarehe: jina lililosajiliwa kabla kampuni haijazaliwa kwa kawaida haliwezi kusemwa lililenga kuivamia. Na anayechukua jina la mwanasiasa siku ya uteuzi, au la biashara ya jirani iliyoanza kuvuma Instagram, akikuambia ni uwekezaji tu, muulize mteja wake wa pili ni nani. Kama hana, ameandika barua ya Toeppen kabla ya kushika kalamu.

Kwa aliyepokea malalamiko na anaamini jina ni lake: una siku 20 za kujibu, zinazohesabiwa tangu shauri lianze rasmi. Ukinyamaza, msuluhishi ataamua kwa karatasi za upande mmoja. Peleka risiti ya usajili yenye tarehe, cheti cha biashara au kitambulisho chenye jina la ukoo, nakala za jinsi ukurasa ulivyoonekana kabla hujaandikiwa, na mawasiliano yote, yakiwemo yale ambayo ungependa yasisomwe. Upande wa pili utakuwa nayo.